Kaya thelathini za Muheza: shajara ya mradi wa viraka

4 Machi 2024, Tanga

Naanza shajara hii nikiwa na aibu kidogo. Mwanafunzi wa uzamili aliyepewa data zetu za vyandarua za mwaka 2018 ameniandikia leo kwa adabu sana, ile adabu ya mtu anayeshuku. Anasema ameendesha skripti yetu ya kuchagua kaya bila kubadili hata nukta, na kaya thelathini zilizotoka si zile tulizozitembelea. Kijiji ni kile kile cha Muheza, orodha ni ile ile ya kaya 214, na mbegu ya nasibu, ile namba ya kuanzishia kura ya kompyuta, haijaguswa. Mwishoni anauliza kama "kuna uwezekano kaya zilichaguliwa kwa utaratibu mwingine."

Maana yake: mlichagua nyumba za kando ya barabara ili msichafue viatu?

Nilikwenda mwenyewe kijiji kile, Novemba, katikati ya mvua za vuli. Daftari letu la uwandani linaanza na kaya namba 62, 168, 87, 187. Hiyo 187 iko ng'ambo ya mto na tulivuka kwa miguu, suruali zimekunjwa. Orodha ya mwanafunzi inaanza na 159, 207, 179, 14. Namba 14 ni jirani wa mwenyekiti wa kijiji, pale penye kivuli cha mwembe na chai. Laiti tungepewa hiyo.

Nimeendesha skripti kwenye laptopu yangu ya sasa. Nimepata 159, 207, 179, 14. Sijamjibu bado.

6 Machi

Tumeipata. Sifa ziende kwa Mzee wetu wa takwimu, aliyestaafu lakini hakosi ofisini kila Jumatano kwa ajili ya kahawa na kutusahihisha.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Mbona sura hiyo?"

Nikamwonyesha. Hakuuliza habari za data. Aliuliza toleo la R, programu ya takwimu iliyoendesha skripti yetu. Mwaka 2018 tulitumia 3.5.1, sasa hivi nina 4.3. Akaomba kikokotoo.

Mbegu yetu ilikuwa 123, kama ya watu wote wavivu duniani. Ukiandika `set.seed(123)` kisha `runif(1)`, yaani nipe namba moja ya nasibu kati ya 0 na 1, R itakupa 0.2875775, iwe ya zamani au ya leo. Hapo hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni namna namba hiyo inavyogeuzwa kuwa kaya. R ya zamani ilizidisha: 0.2875775 mara 214 ni 61.54, ondoa desimali, ongeza moja, umepata kaya 62. Hiyo ndiyo ya kwanza kwenye daftari letu.

Kuanzia R 3.6.0, iliyotoka Aprili 2019, njia ni nyingine. Namba ile ile inazidishwa kwa 65,536, unapata 18,846. Kwa kuwa 214 inaingia ndani ya 256, inachukuliwa baki ya kugawa kwa 256, nayo ni 158. Ongeza moja: kaya 159. Baki ikifika 214 au zaidi, inatupwa na kuvutwa nyingine, ndiyo maana njia hii inaitwa `Rejection`, na ile ya zamani `Rounding`. Mzee alifanya ya pili pia kwa kikokotoo na kupata 168 upande mmoja, 207 upande wa pili, kisha akasukuma kikombe mbele akaomba kahawa nyingine.

Sababu ya badiliko ni nzuri. Mwaka 2018 Kellie Ottoboni na Philip Stark wa Berkeley walionyesha kwamba njia ya kuzidisha haitoi nafasi sawa kabisa kwa kila mmoja, hasa idadi inapokuwa kubwa mno. Kwa kaya 214 upendeleo huo hauonekani hata kwa darubini. Kwa hiyo uchaguzi wetu wa 2018 ulikuwa halali, na wa mwanafunzi ni halali pia. Ni chungu mbili tofauti zilizopikwa kwa unga mmoja.

Tiba ni mstari mmoja juu ya `set.seed`:

`RNGversion("3.5.0")`

R inanung'unika kwamba unatumia njia isiyo na ulinganifu kamili, kisha inatoa 62, 168, 87, 187. Nimemwandikia mwanafunzi barua ndefu kuliko ilivyohitajika. Amejibu: "Asante sana dada. Ila nitajuaje kama hakuna kingine kilichobadilika?"

Sijalala vizuri kwa sababu ya swali hilo.

15 Machi

Ramadhani imeanza wiki hii, na mipango mikubwa kwangu huja usiku baada ya futari.

Nilijaribu kujibu swali la mwanafunzi kwa uaminifu. Mstari wa pili wa skripti yetu unaelekeza kwenye hifadhi iliyokuwa ikipiga picha ya CRAN, ghala la programu za nyongeza za R, kila siku, ili uweze kuomba vifurushi vya R jinsi vilivyokuwa tarehe fulani. Tulijiona wajanja sana 2018 kwa mstari ule. Hifadhi hiyo ilifungwa Julai 2023. Mstari upo, mlango haupo.

Wala si sisi peke yetu. Utafiti uliochapishwa 2022 uliendesha zaidi ya mafaili 9,000 ya R yaliyowekwa na watafiti kwenye Harvard Dataverse. Asilimia 74 yalikwama kabla ya kumaliza. Baada ya kusafishwa kidogo kwa mashine, bado asilimia 56 yalikwama. Na hao ni watu waliojitolea kuweka msimbo wao hadharani, yaani wema wa darasa.

Nimepitia njia tatu. Ya kwanza ni `renv`, nyepesi, inaandika matoleo ya vifurushi vyote kwenye faili moja. Naipenda na tutaendelea nayo kwa kazi ndogo, ila R yenyewe na maktaba za mfumo zilizo chini yake inakuachia utafute mwenyewe. Ya pili ni kontena, yaani programu na kila inachohitaji vikifungwa pamoja. Kontena ni pilau uliyoletewa kwenye hotipoti: leo unaila moto moto, lakini hujui ilivyopikwa, na siku hotipoti ikipotea huna cha kufanya. Mapishi yake mara nyingi yanasema "nenda sokoni ununue nyama" bila kusema ni siku gani, na soko la leo si la jana.

Ya tatu ni GNU Guix, mfumo wa kusakinisha programu ulioanza 2012 juu ya wazo la mwenzake wa zamani, Nix. Hapa kila kifurushi kinaelezwa pamoja na kila kilichokizaa, hadi chini kabisa, na maelezo yote hayo yamo kwenye hazina moja ya Git, zana inayotunza historia ya kila badiliko. Ukitaja komiti moja, yaani nukta moja kwenye historia hiyo, umetaja ulimwengu mzima wa programu siku ile. Faili mbili fupi zinatosha: moja inasema komiti, nyingine inasema unahitaji vifurushi gani. Nimechagua hii.

Kisha, nikiwa na uji wa pilipili manga na shauku, nikaandika mpango wa kuchangia. Vipengele tisa. Kutafsiri mwongozo. Kuongeza vifurushi vya epidemiolojia. Kuandika majaribio. Kufundisha wilaya tatu. Video. Na kadhalika na kadhalika.

Binti wetu wa mafunzo kwa vitendo aliusoma asubuhi, akaurudisha mezani.

"Dada, haya utayafanya lini?"

1 Aprili

Si utani wa siku hii. Ijumaa iliyopita Andres Freund alitangaza kwamba kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu kila Linux, kuna mlango wa nyuma. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliugundua kwa sababu SSH, programu ya kuingilia kompyuta ya mbali, ilichelewa kidogo, kama nusu sekunde, akakataa kuipuuza.

Kinachonigusa kwa ajili ya mradi huu: sehemu ya sumu ile ilikuwa kwenye furushi la kutolea toleo, haikuwa kwenye hazina ya Git ambayo watu huisoma. Ulichosoma na ulichosakinisha vilikuwa vitu viwili. Nilikuwa nadhani kurudia matokeo ni suala la wanasayansi na majarida yao. Kumbe ni suala la kujua unakula nini.

Mzee amesema tu: "Nusu sekunde!" Amerudia mara tatu.

17 Aprili

Sikukuu imepita, tumbo limepumzika, mpango umechinjwa.

Kanuni niliyotumia: kibaki kile tu ambacho kimetuuma sisi wenyewe na ushahidi wake uko mezani. Kuongeza vifurushi kumekufa ndani ya dakika kumi. Nilikuwa na kifurushi kimoja cha R nilichodhani hakimo, nikakuta kuna chaneli, yaani chanzo cha ziada cha vifurushi vya Guix, iitwayo guix-cran ambayo huzalisha maelezo ya vifurushi vya CRAN yenyewe, kwa mashine. Kipo. Ningeandika kwa mkono wiki nzima kitu ambacho roboti alishakiandika. Kufundisha wilaya tatu kumekufa kwa sababu ya nauli. Video imekufa kwa sababu nachukia sauti yangu.

Kutafsiri mwongozo kulinisumbua zaidi, maana moyo ulitaka. Tulikaa na binti na Mzee mchana mzima juu ya istilahi tu. Baadhi ya maneno ni matamu mno: mbegu kwa ile namba ya kuanzia nasibu, hakuna anayeuliza mara mbili. Kiraka kwa badiliko unalolituma, fundi nguo wa barabara ya kumi na mbili angelielewa. Lakini hilo neno kuu lenyewe? "Marudio" ni kipindi cha televisheni cha saa nane mchana. "Rudufu" inanuka mashine ya fotokopi. Mimi napendelea kurudika: matokeo yanayorudika, utafiti usiorudika. Mzee anasema halimo kwenye kamusi yake. Nikamwambia mzizi umo, kiambishi kimo, kilichobaki ni watu kulisema. Akanyamaza, ambayo kwake ni robo ya kukubali.

"Mazingira" ndiyo yaliyotuchekesha. Niliandika kwenye ripoti ya mwezi kwamba ofisi inajenga mazingira yanayorudika, na mgeni mmoja aliyekuja kutukagua akaandika pembeni: vizuri, miche mingapi?

Mwongozo ule ni mamia ya kurasa. Watu watatu, mmoja mstaafu, mmoja yuko mafunzoni hadi Agosti. Nimeuweka kando bila kuufuta.

Vimebaki viwili. Kwanza, uchambuzi wetu wa vyandarua uwe na faili zake mbili za Guix, na kila tokeo libebe mstari wa `RNGkind()`, unaotaja njia ya nasibu iliyotumika, ili mtu asije akateseka kama sisi. Pili, kuna jambo lilinikera nilipokuwa nasakinisha: kila hatua inadhani intaneti ipo, ni ya bei nafuu na haikatiki. `guix pull` ya kwanza, amri ya kusasisha Guix, ilimeza zaidi ya nusu ya bando langu la GB 6. R na vifurushi vyetu vikamaliza lililobaki na kuomba jingine. Nataka kuandika namna ofisi ndogo inavyoweza kupakua mara moja na kugawana. Zana zipo tayari ndani ya Guix. Maelezo yake yamo kwenye mwongozo, ila yanamsemesha mtu mwenye seva. Mimi namtaka mwenye laptopu mbili.

Hicho ndicho kiraka. Waraka, si msimbo. Zamani ningeona haya kidogo.

14 Mei

Juzi Jumapili nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika huko upande wa Afrika Kusini. Tanzania ni miongoni mwa waliopigwa vibaya. Leo ni siku ya tatu: ujumbe wa maandishi unapita, picha inazunguka hadi ukate tamaa.

Na leo ndiyo siku binti alipangiwa kusakinisha Guix kwenye laptopu yake mpya.

Tumekaa meza moja. Laptopu yangu ina kila kitu: R, vifurushi vyote, hazina nzima ya Guix. Yake haina kitu. Umbali kati yao ni urefu wa rula mbili. Na yake inahangaika kuomba mafaili yale yale kutoka Berlin na Bordeaux, kwenye mashine za ujenzi za Guix, kupitia waya uliokatika baharini. Nilipiga picha ya meza hiyo. Ndiyo mpango wa mradi wote.

15 hadi 17 Mei

Siku tatu za jaribio. Naandika kwa urefu kwa sababu hapa ndipo waraka utakapotoka.

Guix yenyewe tulihamisha kwa flashi: furushi la toleo 1.4.0 nililokuwa nimelihifadhi, na sahihi yake, tukafuata hatua za kusakinisha kwa mkono. Kisha kwenye laptopu yangu:

`guix publish --user=nobody --port=8080 --advertise`

Amri hii inageuza kompyuta yoyote kuwa duka. Kila kilichomo kwenye ghala langu, `/gnu/store`, sasa kinaweza kuchukuliwa na jirani. Neno la mwisho linaifanya ijitangaze kwenye mtandao wa ndani, kama muuza mkate asubuhi, na jirani ambaye daemoni yake, ile programu ya Guix inayofanya kazi nyuma ya pazia, imeanzishwa kwa `--discover=yes` anaisikia bila kuandikiwa anwani.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa ufunguo. Guix haipokei mafaili kutoka kwa mtu asiyemjua, na inafanya vyema. Ufunguo wangu wa wazi, ulioko `/etc/guix/signing-key.pub`, ulipaswa kwenda kwake kwa flashi, na kwake ndiko ulikopaswa kuidhinishwa kwa `guix archive --authorize`. Nilisahau hilo, tukapoteza saa nzima tukilaumu ruta. Bila idhini hapati ujumbe wa kukataliwa wa maana. Guix yake inaliruka duka langu kimya kimya na kuelekea Berlin.

Kikwazo cha pili ndicho sikukitarajia, na nadhani ndicho chenye thamani kuliko vyote. Vifurushi vilipita, kasi nzuri, binti akapiga makofi. Tulipoendesha uchambuzi wenyewe:

`guix time-machine -C channels.scm -- shell -m manifest.scm -- Rscript kaya.R`

ikasimama. Ikasimama muda mrefu. Mashine ya muda, yaani hiyo `guix time-machine`, kabla ya kuchukua kifurushi chochote, inataka kwanza hazina ya Git ya Guix ili isome ile komiti, na hiyo haitoki kwenye duka. Inatoka kwenye anwani iliyoandikwa ndani ya `channels.scm`, ile faili yetu inayotaja komiti: mwaka huu wa 2024 ni Savannah, seva ya GNU, yaani ng'ambo ya waya uliokatika. Kwangu ilikuwa ikifanya kazi kwa sababu nilikuwa na nakala kwenye kache tangu Machi.

Jawabu: nilinakili hazina nzima kwenye flashi kwa `git clone --mirror`, tukaiweka kwenye laptopu yake, na kwenye `channels.scm` tukabadili anwani ielekeze kwenye folda hiyo. Komiti ni ile ile. Utangulizi wa chaneli, ile sehemu inayothibitisha sahihi za waandishi, tuliuacha kama ulivyo, na uthibitisho ukapita: nakala ya flashi haiwezi kuchomekwa komiti ya mhuni bila kugunduliwa. Guix ilitoa onyo kwamba inavuta kutoka kwenye nakala ambayo huenda imepitwa na wakati. Sawa, tunajua, tunaitaka hivyo hivyo.

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, umeme ukakatika. Ruta ikazimika. Tukatazamana. Binti akawasha hotispoti ya simu yake, simu isiyo na hata MB moja ya bando. Laptopu zote mbili zikaingia. Hotispoti haihitaji intaneti ili kuunganisha watu wawili, nalijua hilo, lakini sikuwahi kuliwaza. Anwani za mtandao zilibadilika zote na hapo ndipo `--advertise` ilipojilipa: hatukugusa kitu. Dakika chache baadaye, bila umeme, kwenye kioo cha laptopu ambayo wiki iliyopita haikuwa na R kabisa:

`62 168 87 187`

Niandike na mpaka wa jambo hili, maana nimeshaulizwa. Mashine ya muda ya Guix ina kikomo chake cha nyuma, na haifiki tulipokuwa. Utafiti wetu ni wa Novemba 2018. Kwa hiyo hatujarudisha ulimwengu wa 2018. Tumeendesha R ya leo tukiiambia ivute kura kama ya zamani. Kwa kuchagua kaya inatosha, kwa sababu tunaweza kukagua kwa kikokotoo. Kwa modeli za takwimu zilizofuata nimelinganisha majedwali moja baada ya jingine na ripoti ya zamani. Yanalingana hadi desimali tulizochapisha. Hiyo ndiyo niliyomwandikia mwanafunzi, bila kuongeza chumvi.

8 Juni

Naandika sehemu ya kitabu cha mapishi cha Guix. Kimeandikwa kwa Texinfo, lugha ya nyaraka za GNU, yenye alama ya @ kila kona. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa sita. Sasa ni moja na nusu.

Nilichokata zaidi ni utangulizi. Niliuanza kwa Kiingereza kile tunachokijua wote: katika nchi nyingi za Afrika, ambako miundombinu. Nikausoma, nikaona naomba msaada. Nyaya za baharini hazijui uraia. Meli ya utafiti ina shida hii, kambi ya watu wa volkeno ina shida hii, darasa la watu arobaini kwenye Wi-Fi moja ya hoteli lina shida hii. Nimefuta bara, nimeacha hali: kompyuta mbili au zaidi, moja imeshapakua, intaneti haipo. Sentensi tatu, kisha amri ya kwanza.

Halafu kuna kanuni za nyumba. GNU wanataka nafasi mbili baada ya kila nukta ya mwisho wa sentensi. Mbili! Nililalamika kwa sauti. Mzee akacheka hadi akakohoa: ndivyo alivyofundishwa kwenye mashine ya kuchapa, na kwa miaka yote hii sisi vijana tumekuwa tukizifuta kwenye ripoti zake. Amejitolea kukagua nukta zote. Alikuta saba zenye nafasi moja.

22 Juni

Mwanafunzi aliyetushuku amekuja kwa basi kuona daftari la uwandani kwa macho yake. Haki yake. Nikampa kwanza kazi: laptopu yake, rasimu yangu, flashi, na sharti kwamba mimi nikae mbali nisiseme neno.

Alikwama hatua ya tatu. Nilikuwa nimeandika "idhinisha ufunguo" bila kusema kwenye mashine ipi. Aliuidhinisha kwenye yangu. Nilijua kosa hilo, nimelifanya mwenyewe Mei, nimeliandika hapa juu, na bado nikaliandika vibaya. Alipokwama mara ya pili ilikuwa kwenye njia ya folda ya flashi, ambayo kwake ina nafasi kati ya maneno. Zote mbili nimezirekebisha huku akila samaki.

Kisha alikaa na daftari. Daftari lina madoa ya mvua. Mzee alimsomea namba moja moja, yeye akiweka tiki kwenye orodha iliyotoka kwenye laptopu yake. Thelathini kwa thelathini. Kwenye 187 aliuliza kwa nini pameandikwa "viatu mkononi".

5 Julai

Kiraka kimetumwa. Kwa Guix, mwaka huu wa 2024, kinakwenda kwa barua pepe, `git send-email` kuelekea orodha ya barua ya guix-patches, na wengi huona njia hii ya kizee. Mimi nimeipenda. Kiraka chote ni kilobaiti chache. Kingepita hata ile wiki ya Mei. Unakiandaa bila mtandao, unakiweka tayari, na siku upepo ukikaa vizuri kinaondoka.

Ujumbe wa komiti una muundo wake: mstari wa kwanza unaanza na `doc: cookbook:`, halafu jina la faili, halafu sehemu iliyoongezwa. Niliutunga mara nne. Niliweka na jina la binti kama mwandishi mwenza, kwa mstari wa `Co-authored-by`, kwa sababu hotispoti ilikuwa yake.

9 Julai

Imerudi namba ya kumbukumbu ya kiraka. Basi, sasa ni kungoja. Wanaokagua ni watu wa kujitolea wenye kazi zao, kama sisi. Nimeandika kwenye kalenda ya ukutani, chini ya tarehe 9 Agosti: kumbusha kwa upole.

Nakala ya Kiswahili ya maelezo hayo, pamoja na faili zetu mbili na skripti, nimeipandisha Zenodo, hifadhi ya mtandaoni ya kazi za utafiti, ili iwe na DOI, namba yake ya kudumu. Humo nimeandika "matokeo yanayorudika". Mzee ameipitisha bila kuweka alama.

Binti ananiuliza tuendelee na nini kabla hajaondoka. Nimemfungulia folda ya 2016, utafiti wa dawa za kupulizia ukutani. Skripti kumi na moja. Ametafuta `set.seed` kwenye zote.

Haimo hata kwenye moja.